Kabla ya Kuuliza Kipenyo cha Mtutu

"Ninunue ya nne nukta tano au ya tano nukta tano?" Anayeuliza huwa kijana wa Rongo, wa Awendo au wa Mbita, mwenye binamu ughaibuni anayetarajiwa nyumbani Desemba. Amekwisha kuona picha za bunduki za upepo, anajua bei zake, na haja yake anaijua vilevile: sungura mwitu wanaoruka mbele ya taa za pikipiki usiku, njiwa kwenye mtama, tumbili wanaovunja mahindi mabichi. Limebaki jambo moja tu kichwani mwake, nalo ni kipenyo cha mtutu.

Swali hilo lina jibu, na nitalitoa lote, maana mtu akinyimwa jibu hapa atalitafuta kwa muuzaji, na muuzaji atamwambia analotaka kusikia. Lakini anayeishi Migori au Homa Bay akipewa jibu hilo peke yake anaweza kuishia kizimbani. Kwa hiyo naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, kisha twende pamoja mpaka shambani.

Bunduki ya upepo haina baruti. Kinachosukuma risasi ni hewa: ama springi nzito inayokazwa kwa kuukunja mtutu chini na kuurudisha, ama silinda ya gesi iliyofungiwa ndani, ama chupa ya hewa iliyoshindiliwa kwa pampu. Risasi yake ni kidonge kidogo chenye kiuno kilichobonyea na sketi nyuma, na kwa kawaida ni cha madini ya risasi. Katika Kiswahili madini na kitu kinachotoka kwenye bunduki vina jina moja, tulilolipokea kutoka Kiarabu, na kwa kidonge hiki jina limekaa pake hasa. Madini hayo ni sumu. Anayeshika vidonge hivyo anawe mikono kabla ya kula, na asiviweke mdomoni wakati wa kujaza, tabia niliyoiona kwa watu wazima wenye akili zao.

Vipenyo vinavyouzwa sana ni vitatu. Cha kwanza ni milimita 4.5, kinachoandikwa .177 kwa inchi. Cha pili ni milimita 5.5, yaani .22. Cha tatu ni milimita 6.35, yaani .25. Cha milimita 5 kipo, ila wanaokitumia ni wachache na vidonge vyake ni adimu.

Tuchukue bunduki tatu zenye nguvu sawa, jouli 16 hivi kila moja, ambacho ndicho kiwango cha bunduki nyingi za kawaida. Kidonge cha 4.5 kina uzito wa takriban nusu gramu na kitatoka kwa kasi ya mita 240 hivi kwa sekunde. Cha 5.5 kina uzito wa gramu moja na kitatoka kwa mita 175. Cha 6.35, chenye gramu 1.6, kitatoka kwa mita 140 au chini kidogo. Nguvu ni ile ile. Imegawanywa tofauti kati ya uzito na mwendo.

Tofauti hiyo huonekana kwenye njia ya risasi. Katika mita 30 kidonge cha 4.5 huwa kimeshuka kama sentimita 9 kutoka kwenye mstari wa mtutu. Cha 5.5 huwa kimeshuka kama sentimita 16. Ndiyo maana ya 4.5 humsamehe mlengaji aliyekosea kukadiria umbali, na ya 5.5 haimsamehi. Upande wa pili, uso wa kidonge cha 5.5 ni mpana kuliko wa 4.5 kwa karibu nusu nzima, na wa 6.35 ni mara mbili ya ule wa 4.5. Kidonge kipana huacha nguvu yake ndani ya mnyama. Chembamba chenye kasi huweza kupenya na kutoka upande wa pili kabla hakijafanya kazi yake, mnyama akakimbia akiwa na tundu mwilini.

Kwa hiyo wawindaji wa nchi ambako uwindaji huu ni halali wamezoea mgawanyo huu: 4.5 kwa shabaha za karatasi na kwa panya ghalani, 5.5 kwa sungura na njiwa wakubwa, 6.35 kwa bunduki zenye nguvu zaidi ya hizo jouli 16, maana bunduki dhaifu yenye mtutu mpana hurusha jiwe la manati. Kama ningelazimishwa kutaja moja kwa ajili ya sungura, ningetaja 5.5 bila kusita.

Wala msomaji asitishwe na namba ya kasi iliyochapwa kwenye boksi. Bunduki inayotangazwa kuwa na futi 1,200 kwa sekunde imepimwa kwa kidonge cha aloi nyepesi ambacho hakuna mwindaji makini angekitumia. Kasi hiyo imepita kasi ya sauti, na kidonge chenye kiuno kinapopita huko huyumba na kupoteza shabaha. Kinachoua kwa haraka ni mahali risasi inapotua. Kichwa cha sungura kina eneo la kuua linalokaribia ukubwa wa sarafu ya shilingi 20. Asiyeweza kuweka risasi tano mfululizo ndani ya sarafu hiyo kwa mita 25, akiwa amepiga goti, moyo ukienda mbio, hana kipenyo kitakachomsaidia.

Niliwahi kumpiga njiwa kwa manati nikiwa na miaka tisa au kumi. Alianguka, akainuka, akaruka chinichini hadi kwenye kichaka cha miiba na sikumpata. Nilirudi asubuhi, na siku ya pili. Mpaka leo sijui alikufa lini. Kila ninaposoma ubishi wa vipenyo namkumbuka, kwa kuwa ubishi wote huo kimsingi ni juu ya jambo moja: jinsi ya kutomwacha mnyama akafie kichakani.

Sasa twende kwenye sheria.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwezi Mei 1977. Vijana wengi wanaoniuliza habari za bunduki hufikiri marufuku ile ilihusu Wazungu wenye kofia pana na ndovu wenye pembe ndefu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, iliondoa shaka hiyo. Imemtaja hasa mtu anayewinda ili ale. Kifungu cha 97, jinsi kilivyopitishwa, kilimwekea mwindaji wa kitoweo faini isiyopungua shilingi 30,000 au kifungo kisichopungua miezi sita, au vyote viwili. Kifungu cha 98 kilimfuata mwenye biashara ya nyamapori, pamoja na yule anayekutwa tu na nyama hiyo mkononi: faini isiyopungua shilingi 200,000 au kifungo kisichopungua mwaka mmoja. Angalia neno "isiyopungua". Hakimu akikuhurumia kwa kuwa una watoto watatu na shamba limekauka, huruma yake haiwezi kushuka chini ya hapo.

Na mnyamapori ni nani? Sheria haikuwataja ndovu na simba peke yao. Imesema mnyama yeyote wa mwituni aliye wa asili ya nchi hii. Sungura wa porini yumo, yule ambaye Waluo humwita apuoyo na ambaye katika ngano zetu humshinda fisi kila jioni. Kanga yumo. Kwale yumo. Paa yumo, tumbili yumo, njiwa wa mwitu yumo. Ukiondoa wote hao, orodha ya kijana wa Rongo haibaki na mnyama hata mmoja.

Kisha bunduki yenyewe. Wengi huamini kwamba kwa kuwa haina baruti, ya upepo ni mchezo wa watoto wa mjini. Sheria ya Silaha, sura ya 114, inaieleza silaha kuwa chombo chenye mtutu kinachoweza kuua, na ambacho kinaweza kurusha risasi au kitu kingine chochote. Haiulizi kinachosukuma ni moto au hewa. Bunduki inayoweza kuua sungura kwa mita 30 inaweza kumtoa mtoto jicho kwa umbali mkubwa zaidi ya huo, na kidonge kilichorushwa juu husafiri mita mia kadhaa kabla ya kutua. Basi ichukulie kuwa silaha. Kabla ya kulipa hata senti, nenda kituo cha polisi cha eneo lako, mwone mkuu wa kituo, ueleze unachotaka na sababu yake, uombe kuelekezwa kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Bodi ndiyo yenye kauli juu ya cheti na juu ya kibali cha kuingiza silaha nchini. Huchunguza mwombaji, tabia yake, sababu yake na mahali atakapoifungia.

Sababu ndipo penye kikwazo. Utaandika nini? Ukiandika "kuwinda", umeomba leseni ya kutenda kosa.

Kuhusu binamu wa Desemba, ninamsihi kila mtu ampigie simu leo. Bunduki ya upepo inayouzwa dukani Birmingham bila cheti haitakuwa halali kwa sababu tu imefungwa ndani ya sanduku la nguo pamoja na risiti. Atakayesimama kuhojiwa uwanja wa ndege ni yeye, na kumiliki silaha bila cheti Kenya ni kosa la kifungo cha miaka, si miezi.

Wapo wanaodhani mpaka utawaokoa. Kutoka mjini Migori hadi Isebania ni mwendo mfupi, na ng'ambo ni Sirare na wilaya ya Tarime. Ni kweli kwamba Tanzania haikufuta uwindaji kama sisi. Lakini kule nako kuna leseni, msimu, maeneo na orodha ya wanyama, na mlango wa hayo ni TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Mtu anayevuka na mtutu kwenye gunia la viazi hatambuliwi huko kuwa mwindaji.

Nimeulizwa, kwa hasira ya haki, kwa nini nchi imlinde sungura kuliko mwenye njaa. Jibu langu liko bonde la Lambwe. Mbuga ya Ruma, kaunti ya Homa Bay, ina ukubwa wa kilomita za mraba 120. Ilianza kuwa hifadhi mwaka 1966 na ikawa mbuga ya taifa mwaka 1983. Ndani yake yumo korongo, swala mkubwa mwenye uso wa rangi mbili na masikio marefu kama ya punda, na hakuna mahali pengine Kenya anapopatikana tena porini. Zamani walikuwa wengi zaidi. Leo askari wa mbuga wanaweza kuwataja karibu mmoja mmoja, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori limelazimika kuwatengea eneo lenye ulinzi ndani ya mbuga. Sehemu kubwa ya balaa lao ni mitego ya waya. Mtegaji wa waya huenda alimtaka paa au taya, kitoweo cha jioni moja. Waya haujui. Hukaza shingo inayopita.

Bunduki ya upepo haitamwua korongo. Lakini huzoesha kijiji kizima kuiona nyasi ile kuwa bucha, na anayeingia mbugani akiwa na silaha amekwisha kutenda kosa kabla hajafyatua. Wale wa Lambwe, Gembe na Gwassi wanaopakana na uzio wanalijua hilo vizuri kuliko mimi.

Njaa hata hivyo si hadithi, wala hasara ya shamba. Hapa ndipo ningependa kukaa zaidi, kwa kuwa mwenye shamba anayetaka bunduki mara nyingi hana hamu ya kuua. Amechoka tu.

Anza na ndege. Wakulima wa mpunga wa Lower Kuja kule Nyatike na wale wa Oluch na Kimira wanajua ndege wadogo wanavyoshuka shambani nafaka ikiwa bado na maziwa. Kwelea kwelea mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi na hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Makundi yake huwa ya maelfu, na yakizidi ni mamilioni. Fanya hesabu: mlengaji hodari, risasi moja kwa dakika, saa nane bila kupumzika wala kukosa, ataua ndege 480. Ameokoa chini ya kilo tano za nafaka kwa siku, na ametawanya vidonge 480 vya risasi ndani ya maji ya mpunga. Hakuna kipenyo kinachoibadilisha hesabu hiyo.

Wazee walikuwa na dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, na mtu wa kuamia ndege juu yake akiwa na teo na sauti. Kazi hiyo haijapitwa na wakati. Kinachoiua ni kumwachia mtoto mmoja wakati anatakiwa kuwa shule. Majirani wakipanda kwa wiki moja, mashamba yakaiva pamoja, ndege hugawanyika na zamu ya kuamia inagawanyika vilevile. Anayepanda peke yake mapema, au akachelewa peke yake, hulisha kundi zima. Kanda za plastiki zinazong'aa zikifungwa kwa kukazwa kati ya miti hulia kwa upepo na kuwafukuza kwa siku kadhaa, kisha ndege wanazizoea. Basi zihamishe, usikate tamaa. Kundi likizidi nguvu ya kijiji, mpeleke habari afisa wa kilimo wa kata mapema, siku linapoonekana kulala kwenye matete, maana viota na malalo ndipo serikali inapoweza kulishughulikia.

Tumbili ni mtihani mwingine. Ana akili, anajua nani ana jiwe na nani hana, na wanawake wengi wa Suna na Kasipul watakuambia kwamba akiwaona watoto peke yao hasogei. Kidonge cha 5.5 kwenye mbavu za tumbili hakimuui. Kinampa kidonda kitakachooza wiki mbili, na kundi litarudi kesho. Kinachosaidia ni kuchosha na kusumbua: kufyeka kichaka kinachogusana na shamba ili wavuke uwanda mtupu, kuweka mbwa wawili badala ya mmoja, kupanda mahindi mbali na mto na kuweka pilipili au mmea usiowavutia kwenye ukingo, kuwalinda zaidi wakati wa mahindi mabichi, alfajiri na saa kumi jioni. Kundi likiwa sugu, toa taarifa kituo cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, andika tarehe, piga picha ya hasara. Taarifa tano za majirani watano zina uzito ambao malalamiko ya mmoja barabarani hayana.

Kando ya ziwa, Karachuonyo, Mbita, Muhuru, wapo kiboko na mamba, na huko tunazungumzia maiti, si mahindi tu. Sheria ile ile ya 2013 iliyomfunga mwindaji ilifungua pia mlango wa fidia: shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa na mnyama aliyeorodheshwa, na kamati ya kaunti ya kupokea madai. Malipo huchelewa, na familia nyingi zimesubiri kupita kiasi. Hata hivyo dai lisiloandikwa halilipwi kamwe. Ripoti ya polisi, fomu ya daktari, taarifa kwa Shirika: zikusanye wiki hiyo hiyo, msiba ukiwa bado mbichi, ingawa ni kazi inayouma.

Kuku nao wana maadui wao. Mwewe huchukua vifaranga mchana. Tenga la kuwafunika kwa wiki za mwanzo humshinda mwewe kuliko bunduki, kwa kuwa mwewe huja ukiwa jikoni. Nguchiro, kicheche na kanu huja usiku. Banda lililoinuliwa juu ya nguzo, lenye waya wa matundu madogo chini na mlango unaofungwa kabla giza halijaingia, hulala salama. Panya wa ghala ndiye ambaye bunduki ya 4.5 humfaa kwenye nchi nyingine. Hapa tuna paka, mitego ya chuma, na makopo yaliyogeuzwa kwenye miguu ya ghala ili panya asiweze kupanda. Mifuko isiyopitisha hewa inayouzwa maduka ya pembejeo huua dumuzi kwa kuwakosesha hewa, bila dawa, lakini panya huitoboa, basi iweke juu ya chanja, mbali na ukuta.

Sasa nyama. Anayetaka nyama ya sungura asimkimbize apuoyo gizani. Sungura wa kufuga hubeba mimba siku 31, huzaa watoto sita hadi wanane kwa kawaida, na baada ya miezi mitatu au minne wanafaa kuchinjwa. Hahitaji leseni ya wanyamapori. Anahitaji kizimba kikavu kilichoinuliwa, majani yaliyonyauka badala ya yale yenye umande, maji, na kivuli. Hilo la umande wengi hulipuuza, na ndilo linalowaua watoto wake kwa kuharisha.

Kwa kware hadithi ni ndefu kidogo, na Nyanza inaijua kutoka ndani. Aluru amekuwa kitoweo cha Waluo tangu zamani: ndege mwitaji alitundikwa ndani ya kikapu juu ya mti mrefu, akaita usiku kucha, na wenzake wakashuka kwenye mitego ya nyuzi iliyotandazwa chini. Ustadi huo ulikuwa mkubwa, na mzee anayejua kusuka kikapu cha mwitaji anastahili kuandikwa kitabu. Kisha mwishoni mwa 2013 nchi ikapandwa na wazimu wa mayai ya kware. Yai moja dogo liliuzwa bei ya mayai kadhaa ya kuku, watu wakauza ng'ombe kununua mashine za kutotolea, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori likawakumbusha kwamba kware ni ndege wa mwitu anayefugwa kwa leseni tu. Kufikia katikati ya 2014 soko lilikuwa limeanguka na wafugaji walibaki na ndege wasionunulika. Somo halikuwa kwamba kware ni mbaya. Nyama yake ni tamu, na leseni yake inapatikana kwa anayefuata taratibu, kama ilivyo kwa kanga. Anza na ndege 20 wa kula nyumbani, leseni ikiwa imetundikwa ukutani, na usimsikilize anayekuuliza kwa nini huna 2,000.

Wapo pia wasomaji wetu walioko nje, nao wananidai jibu lao kwa usahihi. Anayeishi Uingereza au Wales anaweza kumiliki bunduki ya upepo isiyozidi futi-pauni 12, yaani zile jouli 16, bila cheti, akiwa na miaka 18. Uskoti si hivyo: tangu siku ya mwisho ya mwaka 2016 cheti ni lazima. Kote huko hakuna kuwinda bila ruhusa ya mwenye ardhi, na ndege hupigwa kwa masharti ya leseni za jumla zinazobadilika mara kwa mara, kwa hiyo zisome kila mwaka. Marekani kila jimbo lina sheria yake, na mengine hutaja hata kipenyo cha chini kinachoruhusiwa kwa mnyama fulani. Huko ndiko jibu langu la 5.5 linakofaa. Nunua vidonge vya aina tatu au vinne, jaribu vyote kwenye karatasi kwa mita 25, na ubaki na kile ambacho bunduki yako inakipenda, kwa maana mitutu miwili kutoka kiwanda kimoja huchagua vidonge tofauti. Usipige kitu kilichosimama juu ya mstari wa kilima, kwa kuwa huoni kilicho nyuma yake.

Na kwa kijana wa hapa nyumbani ambaye ukweli ni kwamba anapenda kulenga, upendo huo si dhambi. Mchezo wa bunduki ya upepo kwa mita 10 uko kwenye Olimpiki, kipenyo ni 4.5, na kitovu cha shabaha yake ni nukta ya nusu milimita. Njia yake hapa ni klabu yenye uwanja uliosajiliwa na silaha zenye vyeti, chini ya mkufunzi. Vilabu hivyo viko mbali na Migori, najua, na nauli ni kubwa. Upinde wa mishale wa michezo hufunza pumzi ile ile na utulivu ule ule wa kidole.

Limebaki suala moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini. Nyumba nyingine tayari ina mtutu darini. Babu aliupata enzi za mkoloni, au mjomba alikuja nao miaka ya themanini, na hakuna karatasi. Pengine umeshika kutu na watoto huuchezea wakijificha. Usiuuze, usiuzike shambani, na usiupakie kwenye matatu kuupeleka mjini, maana ukikutwa kwenye kizuizi cha Rongo maelezo yako yatakuwa yamechelewa. Uache pale ulipo, ufungie chumba. Nenda wewe mwenyewe kwanza, mikono mitupu, ukiwa na mzee wa mtaa au wakili kama unaweza kumpata, umweleze chifu au mkuu wa kituo kwamba katika mali ya marehemu kumepatikana kitu hiki na mnataka kukisalimisha. Omba wao waje kukichukua, na uandikiwe hati ya mapokezi yenye tarehe na jina la aliyekipokea. Hati hiyo iweke pamoja na cheti cha kifo cha babu.